Ngeli na Mifupa: Tahakiki ya Majina ya Kiswahili katika Elimu ya Dinosaria

Kwa muda mrefu wataalamu wa viumbe vya kale wamewabatiza wanyama wao kwa Kigiriki na Kilatini. Hata huko Tendaguru, karibu na Lindi, ambako Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, mifupa ilisafirishwa hadi Berlin na majina yakatungwa kwa desturi hiyohiyo. Jina la Boheti bin Amrani, msimamizi mashuhuri wa wachimbaji, liliingia katika jina la dinosaria mwaka 2007, katika Australodocus bohetii, likiwa limevishwa tamati ya Kilatini. Tangu 2010, hata hivyo, umezuka mtindo mwingine: majina yanayotungwa kwa maneno ya Kiswahili yenyewe. Jambo hili ni la kufurahisha, lakini furaha haitoshi. Jina la kisayansi ni maelezo mafupi ya kiumbe. Kwa hiyo hapana budi liulizwe maswali mawili. Je, linafuata sarufi ya lugha lilimotoka? Je, linasema kweli juu ya mfupa?

Jina linalofaulu zaidi ni Shingopana songwensis, lililotolewa mwaka 2017 kwa dinosaria wa kundi la titanosauri aliyechimbuliwa Songwe, kusini-magharibi mwa Tanzania. Nomino shingo, ya ngeli ya N-, inadai kivumishi pana, wala si mpana, sarufi imetimizwa. Maana nayo imetimizwa. Katika pingili za shingo ya mnyama huyu, sehemu ya juu ya mfupa imevimba na kutanuka. Angeitwa “shingo nene”, msomaji angefikiria nyama na ngozi, vitu ambavyo ardhi haikuvihifadhi. Neno pana linataja upana tu, na upana ndio unaoonekana katika mfupa.

Mnyamawamtuka moyowamkia (2019) lina ladha ya kitendawili. Mtuka ni mto unaokauka kiangazi, katika bonde la Rukwa, na mifupa ya kwanza ilionekana kwenye ukingo wake mwaka 2004. Jina hili lina wa mbili zinazofanana kwa sauti, lakini asili zake ni tofauti: ya kwanza inafuata ngeli ya M-/WA- ya mnyama, ya pili inafuata ngeli ya M-/MI- ya moyo. Sarufi haina kasoro. Kasoro imo katika maana. Kinachoelezwa na watafiti ni pingili za katikati ya mkia zenye umbo la moyo. “Moyo wa mkia”, kwa msemaji wa Kiswahili, ni moyo ulio mali ya mkia, au kiini chake. Umbo limegeuzwa kuwa kiungo, na asiyesoma maelezo atadhani kwamba mnyama huyo alikuwa na moyo mkiani.

Asilisaurus kongwe (2010) ndilo jina lenye utata mkubwa kuliko yote. Kongwe lapatana na asili katika ngeli ya N-, ingawa kiumbe chenye uhai kingeitwa mkongwe, hilo lasameheka. Lisilosameheka kwa wepesi ni neno asili. Mnyama huyu wa kipindi cha Triasiki, mwenye ncha ya taya ya chini isiyo na meno, iliyochongoka kama mdomo wa ndege, alielezwa na waliomtaja kuwa jamaa wa karibu wa dinosaria. Wapo pia wanaoliingiza kundi lake ndani ya dinosaria wenyewe. Kwa maoni yoyote kati ya hayo, yeye si shina walikochipuka dinosaria wote. Katika nasaba hii yeye ni ami, au pengine mjukuu, na jina linamwita babu. Mwanafunzi anayejifunza mageuzi ya viumbe kwa kufuata jina hilo ataanza na kosa ambalo mwalimu atahangaika kulifuta.

Makosa haya hayapunguzi thamani ya jaribio. Yanaonyesha kwamba jina la Kiswahili lina uzito: kwa kuwa linaeleweka, laweza kuelimisha na laweza kupotosha. Jina la Kigiriki halimpotoshi asiyejua Kigiriki. Linamwacha gizani tu.

Hata hivyo, makala yaliyotangaza majina hayo matatu yaliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilialikwa kwenye ubatizo, kisha kikabaki mlangoni maelezo yalipoanza. Udhuru wa ukosefu wa istilahi haukubaliki, kwani pingili, taya, nyonga na uti wa mgongo ni maneno ya kila siku kwa mchinjaji na mganga. Mwanafunzi wa Lubumbashi, ambaye chuoni husomeshwa sayansi kwa Kifaransa, huelewa Shingopana mara tu anapolisikia. Anastahili kuelewa pia kurasa zinazofuata jina hilo, na kazi ya kuziandika ni ya wataalamu wa Kiswahili wakishirikiana na wale wa mifupa.