Heko kwa Washonaji wa Kofia za Viua

Kofia ya viua ya Zanzibar na Lamu inastahili kuhesabiwa biashara kamili, si shughuli ya kupitishia wakati. Ushahidi umo ndani ya kazi yenyewe. Kitambaa cheupe huchorwa nakshi, vitundu hutobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi, kisha kipande cha juu huunganishwa na cha pembeni. Kofia moja huweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi. Lakini mtaji wake ni sindano, uzi na kitambaa, na karakana yake ni ua wa nyumba. Ndiyo maana mwanamke aliyejifunza kwa mama au shangazi kama burudani ya alasiri huweza kujipatia kipato bila kukodi fremu wala kukopa.

Wapo wasemao mashine imeimaliza kazi hii, maana kofia ya kiwandani huuzwa rahisi. Hoja hiyo ina uzito kwa kofia ya kila siku. Lakini bwana harusi na mvaaji wa Idi bado hutafuta mkono wa fundi, na Oman nako kofia ya aina hiyo ingali ikidariziwa kwa mkono. Wengine husema faida huliwa na madalali. Mara nyingi ni kweli, ila kasoro ni ya bei, si ya ufundi: mshonaji anayehesabu saa zake pamoja na gharama ya uzi, kisha akamuuzia mteja moja kwa moja kwa simu, hubaki na sehemu kubwa zaidi ya jasho lake. Basi pongezi zetu ziwe za vitendo: tuwalipe mafundi hawa thamani ya kazi yao.