Muziki wa Sinema Bubu: Santuri na Sauti Inayosubiri

Anayetaka kutunga muziki wa picha fupi zisizosema, utakaopigwa mbele ya watazamaji, hudhani kwamba mwalimu wake yuko Ulaya, kwenye piano iliyosindikiza sinema kabla ya mwaka 1927. Nadhani yuko mwalimu mwingine karibu zaidi, pale Msimbazi. Na kosa la kuepukwa nalo lilitendeka katika nchi hii hii.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza picha 35 za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na ulipaji wa kodi, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Sauti ilitiwa katika santuri, nayo santuri ikazungushwa sambamba na mtambo wa picha. Kasoro ya mpango huu haikuwa ya ufundi peke yake. Santuri haisikii. Watazamaji wakicheka, yenyewe yaendelea. Wasipofahamu, hairudi nyuma. Ilikuwa hotuba, wala si mazungumzo.

Tulinganishe na wafasiri wa picha wa Dar es Salaam, ambao watu huwaita madijei, na maarufu wao ni Derek Gaspar Mukandala, aitwaye Lufufu. Katika vibanda vya video mfasiri alishika kipaza sauti, akaisimulia picha ya kigeni kwa Kiswahili: akaeleza, akatania, akaonya, akajibu kelele za watu. Hata Japani, enzi ya sinema bubu, msimulizi wa namna hii, aitwaye benshi, alisema huku wapiga muziki wakimsindikiza. Sisi wataalamu wa lugha tumewahesabia madijei makosa ya tafsiri, tukasahau kupima usikivu wao. Ni kweli kwamba baadaye sauti zao ziliuzwa katika kanda madukani Kariakoo. Na hapo, lazima tukiri, mfasiri naye aligeuka santuri.

Funzo kwa mtunzi ni hili: kuipigia picha muziki ni kufasiri, na kila fasiri ina upande wake. Miongoni mwa picha za Vugiri zilizosalia iko ile ya mashamba ya Kingolwira, karibu na Morogoro. Mtunzi wa leo akiwapigia wakulima wale ngoma ya furaha, amewasemea kwamba waliridhika, jambo ambalo picha haikuthibitisha. Akinyamaza kidogo, au zumari ikiuliza swali lisilojibiwa, amempa mtazamaji nafasi ya kuhoji.

Basi muziki wa namna hii usijazwe tangu mwanzo hata mwisho. Yafaa uwe na vituo visivyopimwa urefu, kama mwimbaji wa ngoma anavyongoja kiitikio. Na kiongozi wa wapigaji atazame picha kwa jicho moja, na watu kwa jicho la pili. Anayekiogopa kimya hicho na achukue santuri: gharama yake ni ndogo, wala hatasumbuliwa na jibu la mtu.