Jina Linapokosa Nafasi: Uhakiki wa Uandishi wa Majina katika Ramani za Kampala

Mjadala wa majina ya barabara za Kampala ulishika kasi kwa ombi lililowasilishwa Bungeni mwaka 2020, ukapata nguvu ya kisheria Februari 2025, Mahakama Kuu ilipoiamuru Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) iondoe majina ya watumishi wa ukoloni wa Uingereza katika barabara na maeneo ya umma. Swali lililotawala mjadala huo ni moja: jina la nani liandikwe? Makala haya yanadai kwamba hilo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mahali jina litakapokaa juu ya ramani, ukubwa wa herufi zake, na jina lipi lifutwe pindi mawili yanapogombea nafasi moja. Hiyo imeachiwa mafundi na programu zao, nayo haijadiliwi popote.

Kanuni ambazo wachora ramani huzirejelea kwa kawaida zilipangwa na Eduard Imhof wa Zurich katika makala ya mwaka 1962, yaliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1975. Jina la nukta, kama vile mji, liwekwe kwanza upande wa kulia, juu kidogo ya alama yake. Jina la mto lifuate mkunjo wa mto. Jina la eneo litandazwe ili msomaji aone eneo linaanzia wapi na linaishia wapi. Ukubwa wa herufi uonyeshe daraja la kitu. Ni kanuni za busara, lakini zilikulia ndani ya lugha fulani. Mathalani, ipo desturi ya kuandika jina juu ya mstari badala ya chini yake. Vitabu vya fani huitetea kwa hoja kwamba katika maandishi ya Ulaya herufi zenye mkia unaoshuka ni chache, hivyo jina huweza kuukaribia mstari bila kuugusa. Tuijaribu hoja hiyo kwa Kyaliwajjala au kwa Ggaba. Luganda hurudufu konsonanti, na g na j zinaporudufiwa mikia nayo huongezeka. Anayechapa Gaba kwa g moja hupata jina fupi na nadhifu, ila ameikiuka tahajia sanifu ya Luganda ya mwaka 1947. Vivyo hivyo Rubaga na Lubaga: katika Luganda sauti r haianzi neno, lakini ramani nyingi zingali zikiandika Rubaga.

Jambo zito zaidi ni vilima. Kampala husemwa kuwa imejengwa juu ya vilima saba, ingawa vilivyomo jijini leo ni vingi kuliko hivyo. Nakasero, Kololo, Mengo, Namirembe, Kibuli, Makerere na Mulago yalikuwa majina ya vilima kabla ya kuwa majina ya mitaa, hospitali na vyuo. Kampala yenyewe lilikuwa jina la kilima kimoja, kile alichopiga kambi Lugard Desemba 1890. Jina likakua kuliko kilima chake, na sasa ramani hukiita kilima hicho Old Kampala, kana kwamba mwenye nyumba amelazimika kujiongezea neno ili mpangaji alitumie jina lake bila bughudha.

Katika ramani ya karatasi yenye mistari ya kontua, jina la kilima liliweza kutandazwa juu ya mgongo wake, na msomaji akajua kwamba Kololo inaanza pale ardhi inapopanda. Katika ramani ya simu, kontua huwa hazionyeshwi, na jina la eneo hugeuzwa kuwa nukta moja inayobandikwa katikati ya umbo. Wanaoumia hapo ni watu wa mabondeni. Katanga, makazi yaliyosongamana kati ya Chuo Kikuu cha Makerere na Hospitali ya Taifa ya Mulago, yamepakana na taasisi mbili zenye majina marefu na madaraja ya juu katika mpangilio wa programu. Ramani ikipunguzwa, majina ya taasisi hubaki na la makazi hutangulia kuondoka. Programu haina chuki na mtu. Imepewa orodha ya vipaumbele, nayo huitekeleza. Lakini mpangaji wa mifereji anayetazama ramani hiyo ofisini huona chuo, huona hospitali, na katikati yake huona pengo.

Sasa Kiswahili. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia utekelezaji wake. Ni haki kutarajia kwamba siku moja serikali itataka ramani za lugha mbili. Tukifanya hivyo kwa kutafsiri tu, tutashindwa, na sababu yake ni ya kisarufi. Kiingereza huweka neno la aina mwishoni na hulifupisha: Entebbe Rd ni herufi na nafasi 10. Barabara ya Entebbe ni 19. Yusufu Lule Rd ni 14. Barabara ya Yusufu Lule ni 23. Programu kama QGIS kwa kawaida huliacha jina lisiloenea katika urefu wa mstari wake, na barabara za katikati ya Kampala ni fupi. Kwa hiyo katika ramani ileile, kwa kanuni zilezile, jina la Kiingereza litaonekana na la Kiswahili halitaonekana, bila mtu yeyote kuamua hivyo.

Tena Kiswahili, kama Luganda, hutanguliza neno la aina, na neno linalotofautisha huja mwisho. Msomaji hupita "Barabara ya" mara ishirini kabla ya kufika anakotaka. Katika faharasa, jiji zima hujipanga chini ya herufi B. Dar es Salaam ni shahidi: watu husema Barabara ya Morogoro, lakini ramani nyingi zinazouzwa huandika Morogoro Road, na sidhani kwamba kasumba peke yake inatosha kulieleza hilo.

Wengine watapendekeza vifupisho. Viwepo, lakini visanifishwe kwanza, kazi inayoifaa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki kule Zanzibar. "Mt." inaweza kusomwa mtaa, mto, au mtakatifu, na katika jiji lenye makanisa makuu ya Mt. Paulo Namirembe na Mt. Maria Lubaga mkanganyiko huo si wa kubuni. Pendekezo la makala haya ni jingine: neno la aina liondolewe kabisa katika majina ya barabara. Mstari wenye rangi umekwisha kusema kwamba hii ni barabara. Ufunguo wa ramani, ulioandikwa kwa Kiswahili, unathibitisha. Kinachobaki ni Entebbe, Yusufu Lule, Luwum. Pale ambapo mji na barabara vina jina moja, tofauti ibebwe na mtindo wa herufi: nzito na zilizosimama kwa mji, nyembamba na zinazofuata mstari kwa barabara. Wapenzi wa Kiswahili watalalamika kwamba lugha yao imebakiziwa kichwa cha ramani, ufunguo na majina ya taasisi. Ni kweli. Lakini hayo yatasomwa, na orodha ya faharasa itaanza kuwa na maana.

Hali ni hiyo hiyo kwa majina mapya yanayotarajiwa baada ya amri ya mahakama. Colville ni neno moja fupi. Shujaa akiandikwa kwa cheo, jina la kwanza na la ukoo, ataheshimiwa juu ya kibao na kupotea katika ramani. Waliouita mtaa kwa jina la Luwum pekee, bila cheo chake cha uaskofu mkuu, walimtendea vema zaidi. Kamati ya majina ingepaswa kukaa na mchora ramani kabla ya kupiga kura.

Hoja ya nafasi, hata hivyo, isitumiwe pasipostahili. Ziwa ambalo Speke alilipa jina la Victoria mwaka 1858 lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Katika karibu skeli yoyote inayolionyesha zima, uwanja wake wa buluu unatosha Nnalubaale ya Waganda, Nam Lolwe ya Wajaluo na Ziwa Viktoria ya Kiswahili, kila moja kwa herufi za mlazo, bila kugusana. Hata hivyo, mara nyingi huandikwa jina moja. Hapo programu haikulazimishwa kuchagua, na idara za upimaji za nchi tatu zinazolizunguka zinaweza kuulizwa sababu.