Kuitambua Nomino ya Kilatini Iliyoundwa Vyema

Tazama kwanza pale mzizi unapokutana na kiambishi tamati. Viambishi -tor, cha mtendaji, na -tio, cha tendo, havishiki kitenzi popote. Hudai shina la supini, umbo linaloishia kwa -tum au -sum. Supini ya legere, kusoma, ni lectum, ndipo tukapata lector na lectio. Videre, kuona, ina visum, hivyo visio. Anayeandika legtor amebandika tu.

Kisha uliza kama kila kiambishi kinafanya kazi yake. Arator ni mkulima, aratio ni kulima kwenyewe, aratrum ni plau. Katika ornare, kupamba, ornamentum ni pambo, ornatus ni hali ya kupambika, na ornatrix ni mtumwa wa kike aliyetengeneza nywele za bibi yake. Hiki -tor ni cha kale kuliko Roma: mtoaji ni dator kwa Kilatini, dōtōr kwa Kigiriki, dātar kwa Kisanskriti. Hata daktari wetu amekibeba, kutoka doctor, mwenye kufundisha.

Ufundi hasa huonekana katika nomino dhahania, na hapo kipimo changu ni Cicero. Mwaka 45 KK, akiandika falsafa kwa Kilatini, alihitaji neno la kulingana na poiotēs, ambalo Plato alilitoa katika poios, “wa namna gani”. Cicero akachukua qualis, lenye maana hiyohiyo, akalitia -tas, ndugu halisi wa -tēs ya Kigiriki: qualitas. Kila kipande kimejibu kipande chenzake. Sijaona kazi safi kuliko hiyo.

Lakini usilihukumu neno kwa ugeni wake. Katika De Natura Deorum, Cicero aliyataja pamoja beatitas na beatitudo kwa heri ya miungu, akakiri kwamba yote mawili ni magumu na kwamba maneno hulainishwa kwa kutumiwa. Beatitudo likashika, hasa kwa Wakristo, mwenzake akafifia.

Quidditas la wasomi wa Zama za Kati hunipa kazi zaidi. Kwa kawaida -tas hukaa juu ya kivumishi, nalo quid ni “nini?” tu. Hata hivyo nalikubali: lilitumika kutafsiri māhiyya ya mwanafalsafa Ibn Sina, neno la Kiarabu lililojengwa juu ya swali hilohilo, na waundaji wake hawakulipoteza swali njiani.