Uthabiti wa Udi Mkongwe

Mto Tana upitapo Garsen hauishi kubadilika. Maji ya masika hula ukingo huu na kuujenga ule. Palipokuwa na kina jana, leo pana mchanga. Katika karne ya 19 mto huu uliiacha njia yake ya kale ya kuendea baharini, ukauingia mfereji wa Belesoni uliochimbwa kwa mikono ya watu, ukaungana na Ozi, na mpaka leo hutokea Kipini. Pamoja na hayo, hapana mtu wa Ngao wala wa Golbanti adaiye kwamba huo si Tana tena. Mto hujulikana kwa asili ya maji yake na kwa mwendo wake, si kwa kila kona ya njia yake.

Yafaa, msomaji, kuukumbuka mfano huu tunapotaka kumhukumu msanii mkongwe. Mtu ameimba tangu ujana wake, kisha katika utu uzima hutoa nyimbo nyingine zinazofanana na zile za kwanza. Je, tumsifu kwa uthabiti au tumlaumu kwa uvivu? Wapenda ya kale watajibu upesi: mwacha asili ni mtumwa. Wapenda mapya nao watajibu upesi vile vile: kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali zote mbili ni za kweli, lakini hapana hata moja iwezayo kutuondolea kazi ya kusikiliza.

Basi na tumsikilize mmoja. Zein l'Abdin alizaliwa Lamu, kwa jirani zetu wa mashariki, akafanya makao Mombasa, akajipatia jina kubwa kwa kuimba taarabu na kupiga udi. Alifariki mwaka 2016. Safari yake twaweza kuifuata kwa vituo vitatu. Cha kwanza ni nyimbo za ujana wake. Baadhi yake zimekusanywa pamoja na za waimbaji wenziwe katika albamu ya pili ya mfululizo wa Zanzibara, ihusuyo taarabu ya Mombasa baina ya 1965 na 1975. Cha pili ni Mtindo wa Mombasa, iliyotolewa Uingereza mwaka 1990 kwa jina la kikundi chake, Zein Musical Party. Cha tatu ni The Swahili Song Book, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1999. Hii ya tatu ndiyo tuipimayo hapa, maana ndiyo kazi ya mtu aliyekwisha kukomaa, asiyekuwa na haja tena ya kutafuta jina.

Kwanza tutazame yaliyokuwa yakitendeka pembeni mwake, kwani uthabiti haupimwi mahali pasipo upepo. Katika miaka hiyo taarabu ya pwani ilipigwa na mawimbi mengi. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi, alipendwa mno kwa nyimbo zilizofuata tuni za filamu za Kihindi. Vinanda vya umeme vikaingia harusini. Katika miaka ya 1990 ikavuma taarabu mpya ya East African Melody na wenzao, yenye mdundo wa haraka na maneno makali ya mipasho, na wasikilizaji waliozoea kukaa vitini wakasimama kucheza. Huko ndiko kulikokuwa na watu, na palipo na watu ndipo penye fedha. Katika The Swahili Song Book, Zein hakuyafuata mawimbi hayo. Udi ungali mbele, ngoma zingali nyuma yake, na sauti ya mwimbaji ingali ikitembea bila pupa.

Lakini kutokwenda waendako wengine si sifa kwa peke yake. Hata jiwe halibanduki mahali pake. Lazima tuulize: kule alikobaki, alikuwa akifanya nini?

Jibu la kwanza limo katika ala. Udi una nyuzi zilizopangwa mbili mbili, na shingo yake haina vigawio vya kumwonyesha mpigaji mahali pa kubonyeza. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti hugeuka. Kwa sababu hiyo mpigaji hodari huzipata sauti zilizo baina ya vibonyezo viwili vya kinanda, na kwa sababu hiyo hiyo mpigaji mzembe hufichuka mara moja. Ala ya namna hii hairuhusu mtu kulala. Alichokipata jana hana budi kukitafuta tena leo kwa sikio lake. Ukiisikiliza albamu ya mwaka 1999 baada ya ile ya 1990, utasikia mkono ule ule, lakini hutasikia mkono uliochoka.

Jibu la pili limo katika maneno. Ninyi mliojifunza ushairi mwajua kwamba mshororo wa shairi huwa na mizani 16, nane na nane, na kwamba katikati pana pumziko. Katika taarabu ya haraka pumziko hilo humezwa na mdundo. Zein hulitunza. Huliacha neno likamilike, kisha udi hulijibu, na msikilizaji hupata nafasi ya kufikiri. Jambo hili lisionekane dogo kwetu. Nchi hii ya mwisho wa Tana ndiyo nchi ya Fumo Liyongo, ambaye mapokeo husema aliishi Shaka na Ozi, akazikwa Kipini. Ushairi wa kaskazini ulitungwa ili uimbwe, na mwimbaji anayeyameza maneno huuvunja hata kama tuni yake ni tamu.

Hata hivyo mhakiki asiwe mpiga vigelegele. Albamu hii ina upungufu wake. Mwendo wa nyimbo hautofautiani sana, na asiyekijua Kiswahili cha Lamu ataziona zafuatana kama ndugu wa tumbo moja, asijue huyu ni nani na yule ni nani. Kijana aliyezoea mdundo mwepesi atahitaji saburi, na si haki kumwita mjinga kwa sababu saburi yake imekwisha. Uthabiti una gharama, na sehemu ya gharama hiyo hulipwa na msikilizaji.

Tena, njia ya Zein si njia pekee ya kulinda asili. Wimbo wa Taifa la Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963, umejengwa juu ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Tuni ilihifadhiwa, maneno yakawa mengine, na wimbo wa mama mmoja na mwanawe ukawa wimbo wa taifa zima. Huko asili ilitunzwa kwa kubadilishwa vazi. Kwa Zein imetunzwa kwa kukataa kubadilishwa. Anayesema kwamba njia moja tu ndiyo halali hajausikiliza mto unaopita mbele ya nyumba yake.

Hukumu yangu, basi, ni hii. The Swahili Song Book ni kazi ya uthabiti, si ya uvivu, kwa kuwa mvivu huyarudia matokeo, na aliye thabiti huirudia juhudi. Nyimbo zake zinafanana kwa sura, lakini kila mojawapo imetafutwa upya kwa kidole na kwa sikio.

Limebaki jambo moja, nalo lawahusu ninyi kuliko linavyomhusu yeye. Uthabiti wa mtu hukoma siku ya kufa kwake. Albamu huhifadhi sauti. Haiwezi kuhifadhi mkono. Wapigaji wa udi wa mtindo huu si wengi, na wimbo usiokuwa na mwanafunzi ni mto uliokatiwa maji huku juu: kwa kitambo bonde huwa na unyevu, kisha hukauka. Isikilizeni albamu hii, mkaipende au mkaikatae kwa sababu mnazoweza kuzieleza. Na kama miongoni mwenu yuko mmoja ambaye vidole vyake vitawashwa na hamu ya kujaribu, huyo asingojee kuambiwa.