Wasifu wa Manowari, Ukisomwa Morogoro

Wasifu wa manowari una umbo lake: inashushwa majini, inapewa nahodha, inasafiri, inapigana, inazama. Sentensi zake ni kavu na tarehe zinafuatana kwa zamu. Shujaa ni bodi ya chombo. Tazama Gelderland ya Uholanzi, iliyomchukua Rais Paul Kruger wa Transvaal kutoka Lourenço Marques hadi Marseille mwaka 1900. Baadaye Wajerumani waliitwaa na kuiita Niobe, kisha ndege za Kisovieti zikaizamisha huko Kotka, Finland, Julai 1944. Bendera, jina na kazi vyote vimegeuka, ila msimulizi hatetereki maadamu bodi ni ileile.

Anatetereka akifika kwa Königsberg ya Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo Waswahili waliiita manowari ya bomba tatu. Mwanzoni anakwenda vizuri: Dar es Salaam, Juni 1914, Pegasus ya Waingereza yazamishwa Zanzibar, Septemba 20, maficho ya Rufiji, kisha Julai 11, 1915, baada ya kupigwa na manowari za Waingereza Severn na Mersey, mabaharia wake wanaizamisha wenyewe. Nukta. Kumbe mizinga yake 10 iliopolewa, ikatengenezwa Dar es Salaam na kuwekewa magurudumu. Machi 1916 mmoja ulikuwa Kahe. Mei, Kondoa Irangi ikapigwa. Na bado mingine ilinguruma hadi 1917. Kwa hiyo mizinga hii ilipigana muda mrefu zaidi nchi kavu kuliko baharini, na wasifu unaitupia aya moja ya nyongeza!

Aya hiyo ndiyo ya kusomwa polepole. Baharini kila tendo lina mwenyewe: nahodha Max Looff anaamuru, mabaharia wanafyatua. Nchi kavu mizinga inaopolewa, inavutwa, inafikishwa, na mvutaji haonekani. Agosti 26, 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoingia Morogoro, Wajerumani walirudi nyuma kwa kuizunguka milima ya Uluguru pande zote mbili kuelekea Kisaki, mizigo yao ikiwa vichwani mwa wapagazi. Umbo lililozoea orodha ya mabaharia halina safu ya kumwandika mpagazi.

Leo mzinga wa Königsberg na wa Pegasus iko Fort Jesus, Mombasa. Mwandishi mwenye ujasiri angeanzia hapo, aiache bodi topeni Rufiji na kuufuata mzinga. Vitenzi vyake vingelazimika kupata watu, maana hakuna mzinga uliotoka Rufiji ukafika Kahe bila migongo na mikono ya kuuvuta.