Wawili Wakicheza, Mtazame Anayejibu

Huku Mowlem, sifa kubwa kabisa unayoweza kuwapa wachezaji wawili wa dansi ni kwamba "wako sawa". Mikono inapanda pamoja, inashuka pamoja, viatu vinagonga saruji kwa mpigo mmoja, na anayerekodi kwa simu anapiga kelele kwa furaha. Sina ugomvi na kwenda sawa. Hata gwaride la Jamhuri Dei linakwenda sawa. Ugomvi wangu ni kwamba tumeigeuza sifa hiyo kuwa mizani pekee, na mizani hiyo inawapunja wachezaji wetu walio bora.

Dansi ya wawili ina swali ambalo dansi ya mtu mmoja haina: mwenzangu akifanya jambo ambalo hatukulipanga, mimi nifanyeje? Koreografia iliyofungwa inajibu kwamba asilifanye. Fristaili ya kila mtu na lake inajibu kwamba hilo halinihusu. Majibu yote mawili yanakwepa swali. Wanaolikabili ni wale wanaopanga sehemu, wakaacha sehemu, na wakajua hasa wameacha wapi.

Na hili halikuletwa na ndege. Mwomboko wa Wakikuyu, uliokua enzi za ukoloni ukiwa na harufu ya dansi za Wazungu, ni ngoma ya wawili-wawili: mwanamume na mwanamke, kinanda cha kuvuta, na pete ya chuma inayogongwa. Hatua zinajulikana, mbili na kuinama. Lakini watazame wazee wakiicheza harusini. Uzito wa kuinama, muda wa kukawia kabla ya kunyanyuka, anayesukuma na anayekubali kusukumwa, hayo yote yanaamuliwa pale pale. Mpango ni mfupi ili mazungumzo yawe marefu.

Jukwaani, Nairobi ilishalifanyia kazi swali hili kitambo. Mwaka 1997 Opiyo Okach, Faustin Linyekula aliyekuwa ametoka Kisangani, na Afrah Tenambergen walikuwa na kundi lao hapa mjini, Gàara. Kazi yao *Cleansing* ilifika Luanda mwaka 1998 na ikarudi na tuzo. Baadaye, katika *Shift… Centre*, Okach aliondoa hata mbele na nyuma ya jukwaa: mtazamaji hana upande mmoja wa kukaa, na wachezaji wanatunga mbele ya macho yake. Linyekula alirudi Kongo mwaka 2001 na kuanzisha Studios Kabako.

Halafu mwaka 2009 Linyekula akacheza *Sans-titre* na Raimund Hoghe, Mjerumani aliyekuwa mshauri wa tamthilia wa Pina Bausch. Hoghe alizaliwa 1949, mfupi, mwenye kibiongo. Linyekula ni kijana kwake, mwili unaotiririka. Miili hii miwili haiwezi kuwa sawa hata ukiipa mwaka mzima wa mazoezi. Ukiipima kwa mizani yetu ya Mowlem, imefeli kabla muziki haujaanza. Kumbe hapo ndipo dansi inapoanzia: tofauti haifichwi, inawekwa katikati, na kila mmoja analazimika kumsikiliza mwenzake.

Sasa turudi mtaani. Kuna vijana wawili hapa, siwataji, wanaofanyia mazoezi juu ya paa la gorofa, kati ya kamba za nguo na matangi ya maji. Nimewatazama mara kadhaa. Wana vipande vinne walivyovipanga barabara, na kati ya kipande na kipande wanaacha pengo. Ndani ya pengo mmoja anaanzisha jambo, bega tu, au kusimama ghafla, na mwenzake hamwigi. Anamkawisha. Anamjibu kwa goti. Siku moja shuka lililoanikwa lilipeperuka likamfunika mmoja usoni, na mwingine akacheza na lile shuka kana kwamba ndilo mwenzake, mpaka aliyefunikwa akatoka upande wa pili, kwa hesabu ile ile, wakaingia kipande cha tatu pamoja. Hakuna aliyehesabu kwa sauti.

Walipokwenda kwa shindano fulani, waliambiwa wayatoe mapengo. Eti yanaonekana kama wamesahau stepu.

Hapo ndipo tunapopoteza. Tukiendelea kuwalipa vijana kwa kufanana tu, tutapata wachezaji wa kusimama nyuma ya mwimbaji, wazuri sana, na yeyote anaweza kuchukua nafasi ya mwenzake. Kufanana kunakufanya uwe rahisi kubadilishwa. Kujibu kunakufanya uwe mtu.

Nakubali, wapo wanaojificha nyuma ya neno fristaili kwa sababu hawajafanya mazoezi. Wanasema "tunafeel tu", na sisi tunakaa kuwatazama wakitafuta la kufanya. Lakini uvivu huo hujifichua mapema: kila mmoja anatazama watu, hakuna anayemtazama mwenzake. Pengo la wale wa kwenye paa linatoka jasho kuliko vipande vyao, maana lazima uwe na miguu tayari kwa lolote.

Kwa hivyo ukikuta wawili wanacheza, iwe ukumbini au kando ya stage, weka simu chini kidogo. Usiulize kama wako sawa. Subiri mmoja akosee, au aamue, kisha umtazame yule mwingine.